Dada, ninunue jina la watu?

Barua zenu za mwezi huu karibu zote zinaniuliza kitu kimoja. Mmoja ana fremu ya mikoba Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Amedunduliza, mumewe kalipwa mafao, na kampuni ya kuku wa kukaanga kutoka nje imemwambia inatafuta Watanzania wa kuendesha matawi yake. Wa pili yuko Ilala Boma, anataka kibanda cha wakala wa pesa. Wa tatu ni kijana wa Gerezani ambaye kaona Instagram chapa ya chai inayogawa "matawi" kwa Sh8 milioni, sare na vifaa juu yao. Dada, niingie au nisiingie?

Nianze na wa mikoba, maana pesa yake ndiyo kubwa na ndiye anayeweza kuumia zaidi. Mdogo wangu, nakuambia mapema: kwa barua ulivyoiandika, jibu langu ni hapana, na pesa siyo sababu ya kwanza. Pesa nitaifikia. Sababu ya kwanza ni wewe mwenyewe.

Mtu aliyekulia kwenye biashara ya Kariakoo anaishi kwa kubadilika. Desemba ikiisha anashusha mabegi ya shule, Ramadhani ikinukia anahamia kwenye madera na nguo za watoto, masika ikikazana anatoa stoo miavuli ya mwaka jana. Bei unayotaja ni ya kufungulia mazungumzo tu. Mteja wa Mtwara ana bei yake, anayefunga mzigo kupeleka Lubumbashi ana yake, na mama wa Magomeni aliyekuja na mawifi watatu ana yake pia. Mzigo ukidoda unamwagwa chini kwenye turubai, anapewa winga, unauzwa hata kwa hasara ili mtaji uzunguke. Yote hayo unayaamua umesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, humpigii mtu simu kumuomba ruhusa.

Sasa fanya hivi. Nenda kakae saa mbili kwenye mgahawa wowote wa jina kubwa hapa mjini, usile kwa pupa, tazama. Kikaangio kinapiga kengele, kijana anakimbia. Kuku amekaa kwenye kabati la joto kupita muda ulioandikwa, anatupwa. Hauzwi kwa bei ya jioni wala hapewi mlinzi. Mteja akisema "niongezee kipaja, mimi wa kila siku", jibu ni tabasamu. Bei iko ukutani na aliyeipanga hayupo pale. Hata wimbo unaopigwa dukani huenda haukuchaguliwa na mwenye duka. Hiyo ndiyo franchaizi: mwenye jina anakukodisha jina, mapishi na utaratibu wake kwa miaka kadhaa. Wewe unaleta mtaji, unajenga kwa ramani yake, unaajiri, unalipa ada ya kuingia, kisha kila mwezi unamkatia asilimia. Mauzo mnagawana. Hasara ni ya kwako peke yako.

Majirani zetu Kenya waliona jambo hili likienda hadi mwisho wake. Mwanzoni mwa Januari 2022, KFC ya Kenya iliishiwa chipsi. Nchi inayolima viazi, wakulima wana viazi shambani, na duka la kuku halina chipsi! Viazi vyao vilikuwa vinatoka nje, meli zilichelewa, na kampuni ikaeleza kwamba hairuhusiwi kununua kwa yeyote ambaye hajapita kwenye ukaguzi wake wa ubora. Wateja wakapewa vitu kama ugali badala ya chipsi. Watu walichachamaa mitandaoni kutaka duka lisusiwe, mpaka kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa hapohapo. Mimi sikucheka sana. Nilimfikiria mtu wa Kariakoo akiwa kwenye nafasi ile. Angetoka nje, akasimamisha guta, akaleta gunia nne za viazi kabla ya adhuhuri. Na kwa kufanya hivyo angekuwa amevunja mkataba.

Kwa hiyo jiulize kabla ya kugusa kikokotoo: nikikatazwa kitu ambacho naona wazi kingeniingizia pesa leo, nitalala usingizi? Kama roho inakuwasha kusoma tu swali hili, umeshajijibu.

Haya, pesa. Hapa nitakaa kidogo, maana naona wengi mnaangalia ada ya kuingia kama vile ndiyo gharama yote. Ada ya kuingia unailipa mara moja, unaisahau. Asilimia ya kila mwezi, mrabaha, ndiyo inayouma, kwa sababu inakatwa kwenye mauzo. Rudia kusoma: mauzo, siyo faida.

Tuchukue hesabu ya mfano, namba ni zangu, wewe weka zako. Tawi linauza Sh40 milioni kwa mwezi, VAT ikishatolewa. Mrabaha asilimia 6 na mchango wa matangazo asilimia 4, jumla Sh4 milioni. Kuku, unga, mafuta na vifungashio asilimia 40, yaani Sh16 milioni. Mishahara pamoja na michango ya NSSF Sh7 milioni, kodi ya pango Sh4 milioni, umeme, gesi na maji Sh3 milioni, ulinzi, usafi na matengenezo Sh2 milioni, rejesho la mkopo Sh3 milioni. Jumlisha: Sh39 milioni. Kwenye milioni 40 zilizopita mkononi mwako, yako ni moja.

Sasa mwezi ufuatao mvua inyeshe, Jangwani pajae maji, watu wasivuke, mauzo yashuke kwa asilimia 10 tu. Umeuza Sh36 milioni. Mrabaha na matangazo ni Sh3.6 milioni, mali ghafi Sh14.4 milioni, na zile Sh19 milioni za mishahara, pango, umeme, matengenezo na mkopo hazikushuka hata senti. Umeingia hasara ya milioni moja. Mwenye jina kapokea milioni tatu na laki sita zake, ametulia. Simlaumu, ndivyo mlivyoandikiana.

Na kuna kodi ya zuio, ambayo mawakala wao wa mauzo hawaitaji. Sheria yetu ya kodi inataka asilimia 15 ya mrabaha ikatwe na kupelekwa TRA. Ingepaswa kutoka kwenye fungu la mwenye jina, lakini mikataba mingine inaandika kwamba yeye lazima apokee kiasi chake kamili na kodi yoyote ni juu ya mnunuzi. Kwenye mfano wetu wa Sh40 milioni, mstari huo mmoja unakupotezea zaidi ya laki nne kila mwezi, kutoka kwenye ile milioni yako moja. Utafute kwenye mkataba. Usipouona, uliza kwa maandishi.

Jambo lingine ambalo wageni wenye majina makubwa hawalijui, na wewe unalijua fika, ni fremu. Mkataba wa jina unaweza kuwa wa miaka 10. Mkataba wa fremu Kariakoo ni wa mwaka, ukibahatika miwili, na kodi inalipwa ya mbele. Hapo bado kilemba cha kumtoa mpangaji aliyepo, ambacho mara nyingi hakina risiti ya maana, na dalali naye anasubiri chake. Umeshavunja kuta, umeweka vigae vya rangi waliyoitaka, bango limetoka ng'ambo, kisha warithi wa nyumba wanakubaliana kuangusha waporomoshe ghorofa. Unahamaje na vigae? Anayekuuzia jina la miaka 10 hajakuuzia mahali pa kukaa nalo. Ukitaka kuendelea, muda wa pango ufanane na muda wa jina, na uandikwe na wakili. Neno la "mzee ni mtu mzuri, hana shida" halitoshi.

Kariakoo pia ina dharura zake. Soko kuu, lile jengo la Beda Amuli la miaka ya 1970, liliungua Julai 10, 2021. Mei 2023 maduka yalifungwa kwa mgomo, mpaka Waziri Mkuu akaja kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka kwenye kona ya Mchikichi na Congo, likaua zaidi ya watu 20. Mungu awarehemu. Mimi nakutajia haya ili usome kifungu kimoja: je, kuna kiwango cha chini cha malipo ya kila mwezi hata usipouza? Mikataba mingine inacho. Ukikikuta, omba kifutwe kwa siku ambazo eneo zima limefungwa, na wakikataa utakuwa umejifunza mapema wao ni watu wa aina gani.

Sasa wa Ilala Boma. Wewe mdogo wangu nakwambia nenda, tena ungeniuliza mapema ungekuwa umeshaanza.

Uwakala siyo franchaizi kwa sheria, lakini unafanana nayo sana. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, maelfu wamejifunza kufanya kazi chini ya jina la mtu: makato yamepangwa huko juu, kamisheni imepangwa, utambulisho wa mteja unafuatwa, huna ruhusa ya kumuongezea mtu mia tano kwa sababu umeona ana haraka. Ni njia ya bei nafuu ya kujua kama utaratibu wa wengine unakukaa. Ukikushinda, unauza meza na mwavuli, unatoa salio lako, unaondoka na kidonda kidogo.

Ila usiingie kichwakichwa. Kabla ya kuchukua sehemu, kaa hapo asubuhi na jioni uone pesa inaelekea wapi. Kule Kariakoo kwenyewe, jioni wauzaji wanakuja kuweka: wewe unabaki na noti na salio la kwenye simu linakauka, saa kumi na mbili hiyo, na una begi la pesa la kurudi nalo nyumbani. Sehemu nyingine watu wanatoa tu, na shida yako inakuwa noti. Ni mitaji miwili tofauti na hatari mbili tofauti. Mtu akija na haraka, simu sikioni, anakwambia "angalia meseji imeshaingia", wewe angalia salio lako, achana na meseji.

Na eneo. Kampuni haikulindii eneo. Leo uko peke yako, mwezi ujao kuna mwavuli wa rangi ileile hatua tano kutoka kwako, kampuni imempa mwenye nao lain kama ilivyokupa wewe. Pita Msimbazi uhesabu mwenyewe. Kwenye franchaizi kubwa swali hili ndilo la kupigania: nimepewa eneo gani, mipaka yake mitaa ipi, na je wao wenyewe wanaweza kuuza humo kwa njia ya mtandao na bodaboda? Ukiambiwa "Dar es Salaam" bila mitaa, hujaambiwa kitu.

Mawakala wanajua pia maana ya kulea mtoto ambaye ubini wake si wako. Julai 2021 ilipokuja tozo ya miamala hakuna aliyewauliza. Wateja wengi wakarudi kwenye noti mkononi na kamisheni zikashuka. Mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Uliyekuwa umejenga wateja chini ya jina moja ukaamka chini ya jina lingine. Wakubwa nao yanawakuta. Ndugu zetu wa Muscat waliozoea kufanya manunuzi Carrefour, Januari 2025 walikuta jina limeondoka Oman nzima na maduka yameanza kuitwa HyperMax. Mwenye maduka ni yuleyule, kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyokuwa na haki ya jina hilo tangu 1995. Yeye ana misuli ya kutengeneza jina jipya akaendelea. Wewe na fremu yako moja, jina likiondoka, unabaki na vikaangio.

Kijana wa Gerezani, wewe sina maneno mengi. Nenda kwenye mfumo wa BRELA utafute kama hiyo chapa ya chai imesajiliwa kuwa alama ya biashara na kwa jina la nani. Usajili wa jina la biashara ni kitu kingine na hautoshi. Anaweza kukuuzia kitu ambacho kesho mwingine anakishtakia. Kisha uliza wao wenyewe wanaendesha vibanda vingapi kwa mikono yao na tangu lini. Kama hawana hata kimoja chenye mwaka, wewe ndiye jaribio lao. Na ukiona wanachuma zaidi kwenye ada za matawi mapya kuliko kwenye vikombe vya chai, au wanakuahidi kamisheni kwa kila utakayemleta, toka. Mpaka ulipoanguka mwaka 2009, upatu wa DECI uliwafundisha wazazi wako kupanda mbegu na kusubiri mavuno. Muulize mama.

Kuna na ninyi mtakaofuatwa kwa njia ya kinyume. Tangu amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, uwakala wa pesa ukiwemo, watakuja watu na mtaji wao wakitaka jina lako tu likae kwenye leseni. Watakuita mbia. Mtanzania anayemfichia mgeni naye ana adhabu yake kwenye amri hiyohiyo. Usiazimishe jina.

Nimeulizwa kuhusu sheria. Tanzania hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Unalindwa na sheria ya mikataba, na kwa lugha nyingine unalindwa na kile ulichosaini. Wenzetu wamejiwekea ukuta. Marekani, muuzaji jina lazima akupe kitabu cha taarifa zake, kesi na ada zote na matawi yaliyofungwa, siku 14 kabla hujasaini wala kulipa. Afrika Kusini nako wana siku 14, na ukishasaini unazo siku 10 za kazi za kughairi. Kampuni nyingi zinazokuja kwetu zimetokea huko na kitabu hicho wanacho tayari. Omba ukipate, halafu jipe mwenyewe hizo siku 14 hata wakikwambia kuna mtu mwingine anasubiri nafasi. Asubiri.

Katika siku hizo mtafute aliyefunga tawi. Wale wanaoendelea watakuonyesha picha za uzinduzi. Aliyefunga atakuonyesha daftari. Nenda pia kwenye tawi lolote Jumanne saa nne asubuhi, siyo Jumamosi jioni waliyokualika. Hesabu wateja, hesabu wafanyakazi waliosimama bila kazi.

Sisemi biashara hii haina watu wake. Nimeona waliokuwa wahasibu, mameneja wa hoteli, manesi wastaafu wakiendesha jina la wengine kwa raha mustarehe, kwa sababu maisha yao yote walifuata fomu na walipenda. Kwao kuambiwa cha kufanya ni kutuliwa mzigo. Hata vituo vya mafuta unavyovipita kila siku, vingine vinaendeshwa hivyo: bango la kampuni, mwendeshaji ni Mtanzania mwenzako, na anakula vizuri.

Narudi kwako wa mikoba. Mwishoni mwa barua, kwa maandishi madogo kama unaona haya, umeandika kwamba wanunuzi wa Morogoro na Dodoma wanapiga simu kuulizia "ile yenye lebo yako", ile anayokushonea fundi. Mdogo wangu, kwa nini hilo liko mwishoni? Kampuni ya kuku inataka mamilioni yako ulipambe jina lake mjini, na wewe una jina linalopigiwa simu kutoka mikoani. Marehemu Reginald Mengi alifanya yote mawili: Bonite ya Moshi inajaza soda za Coca-Cola, na kiwanda hichohicho kinatoa maji ya Kilimanjaro. Ila yule alikuwa na kiwanda. Wewe ni mmoja na siku ina saa 24.

Wiki ijayo kasajili hiyo lebo BRELA kama alama ya biashara. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Kama una wateja Unguja, sajili na kule, maana usajili wa Bara hauvuki bahari. Mafao ya mzee yabaki benki. Chukua sehemu ndogo tu ya akiba yako ufungue fremu ya pili, Aggrey au Likoma, popote kodi isikukabe. Andika kwenye daftari kila kitu unachofanya kwa mazoea: mshono unaoukataa, bei ya mwisho, namna unavyomjibu mteja aliyerudisha zipu mbovu. Mpe msichana unayemwamini hilo daftari, halafu Ramadhani nzima usikanyage huko. Akifunga hesabu za mwezi sawasawa bila wewe kushika ufunguo, niandikie tena. Hapo tutaongelea bei utakayowatoza hao wa Morogoro.